Kufuli Jekundu la Octave

Kama kuna mtu mmoja mjini Johannesburg aliyemwomba Mungu umeme ukatike mwezi ule wa Julai, basi ni Octave. Na kichekesho chenyewe ni kwamba Octave ndiye aliyekuwa akilipwa ili usikatike.

Kazi yake ilikuwa kurusha droni. Kila asubuhi alitoka nyumbani Bellevue, akateremka hadi Doornfontein kwenye karakana ya mkandarasi wa umeme, akapanda gari pamoja na mafundi, na kokote walikopelekwa aliirusha ile ndege yake ndogo juu ya nyaya za mitaani. Ilikuwa na kamera mbili. Moja iliona kama unavyoona wewe na mimi, ya pili iliona joto tu. Kwenye kioo cha kamera ya joto, waya mzima huonekana mweusi, na pale penye hitilafu huwa njano, kisha peupe. Octave akiona weupe aliandika namba ya nguzo, mafundi wakaenda kurekebisha kabla hakijalipuka kitu, na watu wa mtaa huo wakaendelea kupika bila kujua kwamba kuna mtu kawafikiria. Nani amewahi kushukuru kwa giza ambalo halikuja? Hakuna. Binadamu ndivyo tulivyo.

Kazi hiyo hakuokota. Kwao Bukavu alikuwa fundi wa nyaya, na fundi hasa, lakini alipofika huku alivaa sare ya ulinzi akasimama getini miaka sita, akiwafungulia watu mageti ya umeme yaliyoharibika ambayo angeweza kuyatengeneza kwa dakika tano. Aliyemtoa pale alikuwa Ntate Mokgethi, msimamizi wa mafundi, mzee wa Kisotho, na ntate kwao ni baba, asiyecheka ovyo, ambaye siku moja alimkuta getini akimwelekeza fundi wake makosa yake, na kwa haki. Basi Octave akasomeshwa droni. Akaizoea hata mkewe, Célestine, akawa anaiita mke mdogo.

Jumanne moja gari liliingia Bellevue, likaingia na mtaa wake mwenyewe. Octave aliirusha droni kama siku zote: nguzo ya kumi na tatu, safi, ya kumi na nne, safi. Ilipofika juu ya nyumba anayolala yeye, Célestine na binti yao Victoire, kioo kilionyesha doa jeupe juu ya ukingo wa paa. Kamera ikaandika nyuzi tisini na sita. Octave hakuhitaji kuuliza ni kiungo gani, wala kilifungwa na nani. Alikifunga yeye.

Sasa mnisikilize, msije mkamhukumu haraka. Nyumba ile ilikuwa nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao ikawa vyumba saba, na kila chumba familia. Mwenye nyumba aliondoka bila kuaga, hesabu ya umeme ilikuwa kwa jina lake, na siku moja wakaja watu wakaukata waya pale ukutani, wakauacha mkia wake ukining'inia kutoka kwenye nguzo. Wapangaji walikwenda ofisini wakiwa tayari kulipa. Wakaambiwa waje na mwenye nyumba. Wakarudi mara ya pili, wakaambiwa vilevile. Mwenye nyumba wamtoe wapi, wamfinyange kwa udongo?

Miaka mitatu iliyopita mgao ulikuwa ungali upo, ile lodishedi iliyowachosha watu wote isipokuwa mafundi wa vichochoroni. Simu ilikuwa inakwambia kabisa: kesho saa nane mpaka saa kumi, Bellevue yote hakuna umeme. Mwenye jambo lake na waya alilifanya saa hizo, na kila aliyetaka kuunga aliunga. Octave alipanda juu ya paa, akauunga ule mkia wa alumini na waya wa shaba wa nyumba, mikunjo saba, juu yake akazungusha utepe wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, kama alivyofundishwa Bukavu, ambako tepu ya fundi ilikuwa ya kusikia tu. Nyumba ikawaka, watu wakapiga vigelegele. Lakini shaba na alumini haziivi chungu kimoja, zikigusana zinalana taratibu mpaka zinachemka, na hilo Octave alilijua siku ileile. Alijiambia atarudi wiki ijayo na kibano chenye bolti mbili kinachotakiwa. Wiki ijayo ikawa miaka mitatu, na katikati yake mgao ukaisha.

Hapo ndipo alipokwama. Kiungo kilikuwa upande wa mtaani, hakuna swichi ya nyumba inayokizima. Kukigusa waya ukiwa hai ni kujiandikia tanzia. Kuusubiri mgao ni kumsubiri aliyekwisha kuhama. Na kukiandika kwenye ripoti ni kuita gari lije liung'oe ule mkia wote, kisha waulize aliyeunga ni nani, na katika vyumba saba akosekane hata mmoja wa kumtaja? Kazi ingekwenda, kesi ingekuja, na karatasi yake ya ukimbizi aliyokuwa akiihuisha kwa foleni na dua ingekuwa ndiyo basi.

Aliandika: nguzo ya kumi na tatu hadi ya kumi na tisa, safi. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini uliandika.

Jioni alimweleza Célestine, aliyekuwa kwenye cherehani yake. Alikuwa akishona majoho arobaini ya kwaya ya kanisa lao, yaliyotakiwa Jumapili ya mkutano, na cherehani ile bila umeme ilikuwa chuma tu. Célestine alisikiliza bila kuinua mguu kwenye kanyagio mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Papa Victoire," akasema, "ukiandika, tunalala gizani nyumba nzima. Usipoandika, tunaungua nyumba nzima. Sasa mimi nikusaidie nini, nikushikie kalamu?"

 Octave akapita chumba kwa chumba kuwaomba watu wapunguze hita. Lakini baridi ya Julai ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama mmoja wa chumba cha tatu, Mamie, muuza nywele za bandia, aliitikia vizuri kabisa, ndiyo kaka, umesema kweli kaka, na kesho yake akanunua hita ya pili. Jumatano Octave alipata kisingizio cha kupitisha droni tena. Nyuzi mia moja na kumi na nane. Ijumaa, mia moja na arobaini. Ule mpira wa baiskeli ulikuwa umeanza kudondoka matone meusi juu ya paa, na chini ya paa lile kulikuwa na mbao kavu na watoto tisa. Alilala akinusa. Victoire akikohoa tu, baba mtu yuko wima.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki kilikuwa juu ya kichwa chake, na macho yote ya mashine yake yalikuwa ya kukitazama tu.

Basi shetani wa mafundi akamnong'oneza. Kama umeme haukatiki wenyewe, si yeye ndiye anayeandika palipo na hitilafu? Akishaandika, mtaa unazimwa. Jumatatu aliandika kwamba kikombe cha nguzo ya kumi na sita, kile cha kaure kinachoushika waya, kina ufa. Hakikuwa na ufa wala mfano wa ufa. Ofisi ikamwamini, kwa nini isimwamini? Ikapangwa Alhamisi, mtaa mzima uzimwe kuanzia saa nne mpaka saa sita mchana.

Yeye mwenyewe alitakiwa awepo na gari, kwa hiyo kupanda paa asingeweza. Akamwendea Fiacre wa chumba cha tano, Mrundi, mchomelea vyuma, kijana wa mikono mizuri asiyejua kukataa. Akampa kibano kipya, akamwonyesha kwa kipande cha waya mezani, mara tatu. Ukisikia friji zimenyamaza, panda. Una saa mbili, lakini saa tano na nusu uwe chini. Simu usipande nayo, isije ikakushtua. Célestine atakushikia ngazi huko nyuma. Fiacre akacheka, akasema kaka, hata bibi yangu angefunga bolti mbili kwa saa mbili.

Ikafika Alhamisi.

Kuna desturi moja ya Ntate Mokgethi lazima muijue, maana ndiyo iliyomnasa mtu wetu. Swichi ya mtaa iko ndani ya boksi la kijani pale kona. Ikishazimwa, kila aliye kwenye kazi anatundika kufuli lake kwenye mpini wa swichi, kufuli jekundu lenye jina lake, na ufunguo anauweka mfukoni mwake mwenyewe. Hata msimamizi anatundika. Hata mrusha droni ambaye hagusi waya. Kazi ikiisha, mzee anamwita mmoja mmoja kwa jina, anamuuliza kwa mdomo: "Watu wote wako chini?" Na wewe unajibu kwa mdomo, si kwa kichwa: "Wote wako chini." Ndipo unafungua lako. Makufuli yasipoisha, mpini haupandi. Vijana walikuwa wakimtania kwamba anawabatiza. Yeye alikuwa akisema tu kwamba aliwahi kumzika mtu kwa uvivu wa mwenzake, hakutaka kumzika wa pili.

Saa nne kamili swichi ikashuka, mtaa ukanyamaza. Makufuli manne yakatundikwa: la mzee, la Lwazi mpanda nguzo, la dereva, na la Octave. Nyuma ya kona, asipoweza kupaona, Octave alijua ngazi inaegemezwa ukutani.

Lwazi alipanda nguzo ya kumi na sita. Akakitazama kile kikombe. Akakisugua kwa kidole cha glavu. Akacheka mpaka mkanda wake ukatikisika.

"Huu si ufa," akasema kutoka juu. "Ni mavi ya ndege."

Wote wakacheka. Hata Ntate Mokgethi alitabasamu upande mmoja. Lwazi akakifuta, akateremka, na saa ya simu ilikuwa saa nne na dakika kumi na nane. Mzee akasema sawa, mtaa urudishiwe umeme, watu wana baridi.

Octave akageuka kuitazama ile kona. Uongo wake alikuwa ameupangia kila kitu isipokuwa jambo moja: kwamba kazi ya uongo haina cha kufanywa, na kwa hiyo huisha upesi. Akasema pengine waangalie na ya kumi na saba. Mzee akasema ya kumi na saba aliiandika yeye mwenyewe kuwa safi. Akasema basi ngoja aipitishe droni mara moja. Mzee akasema droni ni baada ya umeme kurudi, tangu lini droni ikatafuta joto kwenye waya uliokufa? Kila alipogeuka alikuta mlango ameufunga yeye. Akajitenga hatua mbili, akampigia Célestine. Simu ikaita, ikaita. Ilikuwa juu ya cherehani, na Célestine alikuwa uwanja wa nyuma ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili, kama alivyoagizwa.

Aliporudi, makufuli matatu yalikuwa yameshatoka. Lwazi alikuwa ameulizwa, amejibu. Dereva ameulizwa, amejibu. La mzee nalo halipo. Lilibaki moja.

"Octave," mzee akamwita.

Octave akajipapasa mifuko. Akasema ufunguo haupo, umeanguka. Uongo mwingine huo, na ulikuwa wa kitoto, lakini mtu anayezama hachagui jani la kushika. Wakatafuta. Mtu mzima na heshima zake aliinama kando ya barabara akipekua majani makavu, na ufunguo unamchoma pajani. Dakika tatu zilipita, zikawa tano. Akawa anahesabu: Fiacre sasa ameukata mpira. Sasa ameachanisha waya. Sasa ameshika alumini kwa mkono huu na shaba kwa mkono ule. Mama mmoja akafungua dirisha akauliza umeme vipi, chai ya mgonjwa inapoa. Ntate Mokgethi akaenda kwenye gari, akarudi na mkasi wa kukatia vyuma.

Lakini hakukata. Aliushusha mkasi ukaning'inia mkononi, akasimama mbele ya Octave, maana hata kufuli la kukatwa lina swali lake.

"Octave. Watu wote wako chini?"

Alichotakiwa kusema ni maneno matatu. Alikuwa ameshaandika uongo mara mbili kwa kalamu, na ameshasema wa tatu kwa mdomo, huu ungekuwa wa nne. Angeweza kutumaini kwamba Fiacre ni mwepesi, amekwisha kumaliza, yuko chini anakunywa maji. Angeweza. Yote yalimpita: geti na sare ya ulinzi, foleni ya karatasi, majoho arobaini, Célestine akimuuliza amshikie kalamu. Aliogopa, jamani, aliogopa. Na bado ulimi ulikataa.

"Hapana, Ntate," akasema. "Kuna mtu juu ya waya."

Lwazi akadhani ni mzaha. Mzee hakudhani hivyo. Akauliza wapi, na Octave akamwelekeza nyuma ya kona. Mzee akamwambia Lwazi asimame mbele ya lile boksi na asimruhusu hata nzi kuligusa. Kisha akamgeukia Octave, akasema neno moja tu: rusha.

Droni ikapaa, ikakata kona. Octave aliiwekea kamera ya joto, kwa mazoea tu. Paa lilikuwa jeusi, waya mweusi, kila kitu cheusi kwa baridi, na pale penye kiungo, pale pale alipokuwa akiliona lile doa kwa siku tisa, palikuwa na kitu cheupe kirefu, kimelala kifudifudi, kina mikono miwili. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye waya. Mashine ile haijui tofauti ya waya unaoungua na mtu aliye hai; vyote kwake ni joto. Mzee aliitazama picha, akaushika mkono wa Octave uliokuwa kwenye kidhibiti.

Akauliza nani alikifunga kiungo kile mwanzo. Octave akasema mimi. Akauliza na ule ufa? Octave akasema mimi. Ufunguo? Akautoa mfukoni.

Ntate Mokgethi akakaa kwenye ukingo wa barabara, na ule mkasi wake magotini. 

"Miaka ishirini na mmoja nauliza swali lile," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunijibu hapana."

Akanyanyuka, akafanya kazi yake, maana alikuwa mtu wa kazi. Lwazi na dereva wakaenda kumteremsha Fiacre. Wakapanda nguzo, wakaung'oa ule mkia wa nyumba kuanzia juu kabisa, wakaukunja na kuutupa garini. Octave akavuliwa koti la kampuni na kunyang'anywa kidhibiti cha droni, bila kugombezwa, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Aliambiwa asije kesho. Yatakayoandikwa ataandika mzee, na atayaandika yote. Kisha mzee akalinyooshea kidole lile kufuli lililobaki.

"Hilo lifungue mwenyewe. Sheria ni mwenye jina."

Akalifungua. Mpini ukapanda. Akausikia umeme ukiurudia mtaa nyumba kwa nyumba, friji, redio, mashine ya kinyozi, ukaja mpaka kwao, ukaruka, ukaendelea nyumba ya pili.

Alipofika nyumbani na kufuli lake mkononi, wapangaji walikuwa wamesimama uani. Mamie ndiye aliyeanza. Alisema kumbe nyoka walikuwa naye ndani, mtu anakula nao na kuwauza kwa watu wa nguzo, na sasa hita mbili zake azipeleke wapi? Wengine walimpisha tu njia, kila mmoja akirudi nyuma nusu hatua. Octave akapita katikati yao. 

Célestine alikuwa mlangoni, na joho moja begani likiwa na mkono mmoja. Simu ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameiona ile simu aliyoikosa.

Fiacre akatokea nyuma ya nyumba, masizi ya mpira mpaka kwenye paji la uso, kibano kipya kiganjani, na hasira ya fundi aliyekatishwa.

"Kaka, umewaleta ya nini?" akasema. "Nilibakiza bolti moja tu. Dakika mbili, kaka. Mlikuwa mmesema mpaka saa sita."

Célestine alimtazama Fiacre, akamtazama mumewe, kisha akalitazama lile kufuli.

"Ufunguo ulikuwa wapi?" akauliza polepole.

"Mfukoni."

"Na wenzako walikuwa wameshafungua yao?"

"Walikuwa wameshafungua. Lilibaki langu."

Célestine akalishusha joho begani. Akamwendea Fiacre, akaishika mikono yake yote miwili na masizi yake, akaikaza kifuani mwake, akaanza kulia kwa sauti mbele ya watu wote. Fiacre aliona aibu, hakujua pa kutazama. Akamwambia shemeji asilie, majoho yatashonwa tu, umeme utapatikana.